Chupa, ndoo ya chuchu au ndoo ya kawaida kwa ndama? Na mvua hizi mnavikaushaje vyombo?

MamaMtamba_Rungwe

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni.

Niko Rungwe huku, nafuga ng'ombe wa maziwa chotara wa Friesian, wa ndani, majani nakata nawaletea. Sahivi nina ndama watatu kwa mpigo, wote majike, na sitaki kuuza hata mmoja nataka wawe mitamba ya kuendeleza banda. Shida yangu ni vyombo vya kuwanyweshea maziwa. Huyu mdogo bado ana wiki na kitu namnywesha kwa chupa ya lita 2 yenye chuchu ya mpira, hawa wawili wakubwa wanakunywa kwenye ndoo. Sasa huyu wa chupa maziwa anamaliza kufumba na kufumbua halafu anakohoa na mengine yanatokea puani. Hiyo chuchu tulinunua duka la pembejeo na muuzaji mwenyewe ndo alituongezea tundu kwa kisu pale pale, akasema lile lililokuja nalo ni dogo ndama atachoka kunyonya.

Wa ndoo nao mmoja anaharisha anapona anaharisha tena. Mwenzie yuko fiti kabisa, wanakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja.

Naomba kujua, nikiamua kununua vyombo vipya ninunue vipi? Chupa tatu? Ndoo zenye chuchu? Au ndoo za kawaida zinatosha? Halafu huku kwetu mvua ikianza ni miezi, chombo ukikiosha jioni asubuhi unakikuta bado kina majimaji na kiharufu cha maziwa yaliyochacha, nyie mnaofuga sehemu za baridi mnafanyaje? Na ule mpira wa kumpitishia ndama dang'a (yale maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa) mpaka tumboni, kuna ulazima wa kuwa nao?

Natanguliza shukrani.

Mfugaji_Makambako

Dada hiyo chuchu itoe leo leo, usisubiri hata maziwa ya jioni.

Tundu likishapasuliwa kwa kisu maziwa hayanyonywi tena, yanamwagikia mdomoni yenyewe, ndama anameza kwa spidi ya maziwa na sio spidi yake ndo hapo anapaliwa, na maziwa yakishaingia kwenye mapafu hiyo ni nimonia, na nimonia ya namna hiyo sindano zinapigwa na bado ndama anakufa. Angalia kama ana homa au anahema kwa haraka, ukiona hivyo mwite mtaalamu mapema.

Chuchu mpya ipime kabla hujamuwekea ndama. Weka maji kwenye chupa, igeuze kichwa chini. Yakidondoka tone tone taratibu au yasidondoke kabisa mpaka uibinye, iko sawa. Yakitiririka mfululizo hiyo haifai. Kuna zenye mkato wa msalaba pale kwenye ncha, hizo ndo nazipenda mimi maana ndama asiponyonya mkato unajifunga wenyewe. Na ukitaka kujua kama chuchu yako ya zamani imechoka, ipime hivyo hivyo kila wiki, maana inapanuka kidogo kidogo na wewe unayemnywesha kila siku huwezi kuona tofauti, unaona tu ndama siku hizi anamaliza mapema unadhani ndo anakua.

Kuhusu kunyonya kwenyewe, hii watu wengi hawaijui. Ndama bado hajaanza kucheua, yale maziwa hayatakiwi kuingia kwenye tumbo kubwa la kucheulia, yanatakiwa yapite moja kwa moja mpaka tumbo la nne ambako ndo yanagandishwa na kumeng'enywa. Kuna mfereji pale unajikunja na kufunga ndama anaponyonya, unayapitisha. Akinyonya polepole, mate yanatoka mengi, mfereji unafunga vizuri. Akigugumia kwa pupa au maziwa yakiwa ya baridi au ya kulazimishwa, mfereji unaweza usifunge vizuri, maziwa yanaangukia kwenye tumbo kubwa yanachacha humo humo, ndama anavimba tumbo, manyoya yanakuwa makavu, kinyesi kinakuwa kama udongo wa kufinyangia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ndoo ya chuchu, ile unaitundika kwenye ubao wa kizimba, moja kwa kila ndama. Itundike chuchu iwe kama sentimita 60 kutoka chini, ndama anyooshe shingo mbele kichwa kikiwa juu ya mgongo kidogo tu. Watu wengi wa chupa kosa lao liko hapo, wananyanyua chupa juu ndama anatazama paa, ukifanya hivyo hata tundu likiwa dogo atapaliwa.

Mzee wa Ndoo

Mimi nitatofautiana kidogo na huyo ndugu wa Makambako, ingawa la chuchu iliyokatwa kwa kisu namuunga mkono moja kwa moja.

Ndama nimewalea kwa ndoo ya kawaida miaka yote na mitamba yangu watu wanakuja kuulizia mpaka nyumbani. Ndoo ya wazi ina jambo moja ambalo hayo mavyombo mengine hayana, unaona kila kitu. Unaona ndani yote mpaka kitako, mkono unaingia, brashi inaingia, hakuna kona. Hiyo ndoo ya chuchu ina sehemu ya kuskrubu, ina valvu, nyingine ina mrija, na huko ndani maziwa yanalala. Mama kama huyu yuko peke yake na kazi za nyumbani ziko pale pale, kesho keshokutwa ataacha kufungua hivyo vidude kila baada ya kunywesha.

Ila ndoo ina masharti yake. Kwanza usiiweke chini kabisa, iinue sentimita 30 hivi, tengeneza kishikio cha mbao. Pili ndama umfundishe, chovya vidole viwili kwenye maziwa mpe anyonye huku unashusha mkono taratibu ndani ya ndoo mpaka pua zikaribie maziwa, halafu unachomoa vidole kidogo kidogo. Usimzamishe kichwa kwa nguvu! Nimeona vijana wanamkandamiza ndama pua zote ndani ya maziwa, huko ni kumzamisha kweli. Wengine wanaelewa siku hiyo hiyo wengine siku kadhaa, uvumilivu tu.

Tatu, ndama wa ndoo akimaliza kunywa bado ana hamu ya kunyonya. Atanyonya masikio ya mwenzie, kitovu, hata chuchu za mwenzie, na mtamba aliyenyonywa chuchu utotoni anaweza kuja kuzaa na titi moja limekufa. Hawa wawili wakubwa kama wako kizimba kimoja watenganishe wakati wa kunywa na robo saa baada ya hapo, weka chakula kikavu kiganjani mpe pale pale mdomo ukiwa bado una maziwa. Atajifunza kula mapema na hamu ya kunyonya inapungua.

Na ndoo iwe ya kuhifadhia chakula kweli. Ndoo za rangi za ukutani hizi zilizooshwa hazifai hata ukiziosha mara kumi.

Wanjiku_Kinangop

Mama Mtamba pole sana na hao ndama. Mimi niko Kinangop, Nyandarua, huku ni baridi na ukungu ata mchana kwa hivyo hiyo shida ya vyombo kukataa kukauka naijua vizuri sana.

Mimi naona hawa wazee wawili wote wako sawa, ndoo ya chuchu ni bora kwa ndama na ndoo ya kawaida ni bora kwa yule anaosha. Swali ni wewe utaosha aje. Ukinunua kitu huwezi fungua yote na kuona ndani, ata iwe ya bei gani, hiyo ni kununua kuhara.

Fanya hivi kwanza. Chukua hiyo chuchu yako ya zamani kabla uitupe, chukua wembe uipasue kutoka kwa mdomo mpaka kwa mguu wake, ifungue kama kitabu uangalie ndani. Angalia pale kwa mkunjo inashikania na chupa. Halafu upitishe kidole kwa ukuta wa ndoo, ndani, ikiwa imekauka. Kama inateleza ama unasikia kama kuna mafuta, hiyo ndoo haijaoshwa, imesuuzwa tu.

Vile mimi huosha:

Mara tu ndama akimaliza, si baadaye, nasuuza na maji ya uvuguvugu. Si ya moto. Watu wengi huanza na maji ya moto wakidhani wanaua viini, lakini ile proteini ya maziwa huiva na kushikana na chombo, na maji baridi nayo haitoi mafuta. Uvuguvugu tu mpaka maji itoke safi.

Halafu sasa maji moto, moto kabisa ile mkono unavumilia kwa shida, na sabuni, na brashi. Nina brashi tatu, ndefu ya chupa, ya ndoo, na kale kadogo kembamba ka kuingia ndani ya chuchu. Hizo brashi hazifanyi kazi ingine, na zenyewe pia huoshwa na kuanikwa, brashi iliyolala kwa maji machafu inapaka tu uchafu. Usitumie ile waya ya kusugua sufuria kwa plastiki, inachora mistari na bakteria wanajificha kwa hiyo mistari na hakuna sabuni inawafikia tena. Ndoo ya plastiki ikishakuwa na mikwaruzo mingi ibadilishe kazi, iwe ya kubebea mbolea.

Kusuuza tena. Halafu dawa ya klorini kiasi kile wameandika kwa chupa, kabla ya kunywesha si baada, juu ukiiweka jioni asubuhi nguvu imeisha. Mara moja kwa wiki au zaidi kama maji yenu ni ya chumvi naosha na siki kuondoa ule utando mweupe unakuwa mgumu, ile watu wanadhani ni rangi ya chombo.

Na kukausha sasa. Hapa ndio nataka unisikize. Usipange ndoo moja ndani ya ingine. Usifunike chini kwa sakafu, hewa haiingii, inakaa na mvuke yake usiku wote. Tengeneza kichanja cha mbao ama waya, na ukiweke ndani, si nje kwa mvua. Mimi kichanja changu kiko kwa ukuta wa jikoni ya kuni, upande wa pili, si mahali moshi inapita. Ukuta unakaa na joto mpaka usiku. Ndoo zinainamishwa zikiwa zimeachana, chuchu zimetolewa kwa chupa na zinaning'inia kwa misumari ya mbao kila moja peke yake. Asubuhi ziko kavu, ata Julai na vile kunakuwa baridi huku.

Na uwe na seti mbili kama unaweza. Moja ya asubuhi moja ya jioni. Ndio nafasi ya kukauka ipatikane. Kuliko ununue moja ya bei ghali nunua mbili za kawaida.

MamaMtamba_Rungwe

Jamani asanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya kina hivi.

Dada Wanjiku nimefanya ulivyosema. Chuchu nimeipasua kwa wembe. Nje inaonekana safi kabisa nyekundu, ndani pale kwenye mkunjo kuna utando wa njano mzito, ukiukwangua kwa kucha unatoka kama jibini na harufu yake sitaki hata kuisimulia. Na mpira wenyewe ndani umechanika chanika vimistari vidogo vidogo, nje huvioni. Ndoo ya yule anayeharisha ukipitisha kidole inateleza, ya mwenzie haitelezi. Nikajiuliza kwa nini wakati zinaoshwa pamoja, kumbe inayoteleza ni ile iliyokwaruzwa na steel waya.

Chuchu mpya nimepata, nimeipima maji hayadondoki mpaka uibinye. Ndama kaing'ang'ania, mkia unacheza, povu mdomoni, kanyonya taratibu na hajakohoa hata mara moja.

Sasa kuna jirani kaniambia nichanganye jiki na siki kwa pamoja ndo dawa inakuwa kali inaondoa kila kitu. Ni sahihi? Na la mpira wa dang'a halijajibiwa.

BwanaMifugo_Mstaafu

Mama, JIKI NA SIKI USICHANGANYE KABISA. Klorini ikikutana na tindikali inatoa gesi ya sumu, kwenye chumba kidogo kama stoo ya maziwa inaweza kukuunguza macho na mapafu. Vyote viwili unatumia lakini kwa siku tofauti, au unasuuza kwa maji mengi sana katikati. Mwambie na jirani yako, tafadhali, maana naye atakuwa anafanya hivyo nyumbani kwake.

Na klorini isitukuzwe sana. Kwenye chombo chenye mabaki ya maziwa nguvu yake inaishia kwenye hayo maziwa, kwa hiyo hakuna njia ya mkato ya kuruka brashi na sabuni. Halafu kuna vimelea vinaitwa kriptosporidia, vinaharisha sana ndama wa wiki ya kwanza mpaka ya tatu, hivyo klorini ya kawaida haviui. Vinakufa kwa joto kali na kwa kukaushwa. Ndiyo maana dada wa Kinangop alipokazania kukausha nilifurahi sana. Hivyo vimelea binadamu pia vinamharisha, watoto hasa, kwa hiyo beseni la kuoshea vyombo vya ndama lisiingie jikoni na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Huyo ndama anayerudia kuharisha usimhukumu kwa rangi ya kinyesi. Sababu ziko nyingi, virusi, bakteria, vimelea, hata maziwa ya baridi. Kinachoua ndama wa kuharisha mara nyingi ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Mpe maji ya chumvi na sukari yale ya ndama, yanauzwa maduka ya dawa za mifugo, katikati ya milo ya maziwa, na maziwa usimkatie. Macho yakiwa yamezama ndani, ukivuta ngozi ya shingo inachelewa kurudi, au hataki kusimama, hapo ni mtaalamu siku hiyo hiyo. Na yeye anyweshwe wa mwisho kila siku, kwa ndoo yake, wazima kwanza.

Sasa dang'a. Ndama anazaliwa bila kinga yoyote ya maana kwa sababu kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Yote anaipata kwenye dang'a. Na utumbo unaipokea kwa masaa machache tu, kila saa inavyopita mlango unazidi kufunga, kufika masaa 24 umefunga. Kwa hiyo lengo ni asilimia 10 ya uzito wake ndani ya masaa mawili ya kwanza au karibu na hapo. Ndama wa kilo 35 hizo ni lita 3 na nusu. Wengi wetu tunaacha ndama ajitafutie mwenyewe, anapata nusu lita saa sita baadaye tunasema amenyonya.

Akinyonya mwenyewe kwa chupa kiasi hicho, mpira hauhitaji. Ila kuna ndama aliyezaliwa kwa kuvutwa, amechoka, ulimi umevimba, hanyonyi. Huyo bila mpira utamkosa. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, uwe nao bandani au mchangie majirani kununua mmoja, lakini kwanza mtaalamu akufundishe kwa vitendo, ukimwona akifanya mara moja ni tofauti na kusoma. Unapima kwa nje kuanzia ncha ya pua mpaka kiwiko cha mguu wa mbele unaweka alama. Ndama asimame au akae kifudifudi, kamwe asilale ubavu. Unaingiza juu ya ulimi taratibu akiwa anameza. Kabla hujaachia maziwa shika shingo upande wa kushoto, lazima uguse vitu viwili, koromeo la hewa ambalo ni gumu lina pete pete, na mpira wako pembeni yake. Ukigusa kimoja tu uko kwenye mapafu, chomoa. Ukimaliza kunja mpira ubane kabla ya kuutoa ili yaliyobaki yasidondokee kooni.

Unaponunua angalia kile kibonge cha mwisho, kiwe laini hakina ukingo mkali, pitisha kwenye mdomo wako wa chini utahisi kama kinakwaruza. Ya plastiki ngumu ikishapata ufa tupa. Na mpira wa dang'a usiwe huo huo wa kunyweshea wagonjwa dawa ya kuharisha. Iwe miwili, uiwekee alama ya rangi.

Dang'a ikizidi igandishe kwenye friza kwenye chupa za lita moja moja, siku ng'ombe mwingine akizaa bila maziwa utaikumbuka. Kuyeyusha ni kwa maji ya moto yasiyozidi nyuzi 50 hivi. Ukiichemsha inaganda kama yai na kinga yote imekufa.

Pongwe_Tanga

Shikamoo mzee, umeeleza vizuri sana.

Naongezea la sisi wa joto maana huku Tanga kukauka sio tatizo, tatizo ni maziwa kuchacha ndani ya chombo. Ukimaliza kunywesha ukaenda kupeleka maziwa kituoni ukarudi, lile tone lililobaki kwenye chuchu limeshaharibika na nzi wameshafika. Mie naacha ndoo ya maji safi pale pale bandani, ndama akitoa mdomo tu chuchu inazama humo, kuosha kwenyewe nikirudi. Na chuchu usianike juani, jua linaila mpira unakuwa mgumu unapasuka, kivuli chenye upepo kinatosha.

Kama una vyombo vya alumini angalia sabuni, hizi za magadi makali zinakula alumini inakuwa na vishimo vishimo, na vishimo ndo nyumba ya uchafu. Stenlesi inavumilia ila klorini usiilaze humo usiku kucha.

Nyie wa baridi lakini msisahau joto la maziwa yenyewe. Yanakamuliwa ya moto yanafika kwa ndama yamepoa. Nyuzi 38 mpaka 40. Kipimajoto kile cha kawaida cha duka la dawa kinatosha kabisa, nunua kimoja cha maziwa tu kiandike, kisije kikachanganywa na kile cha kumpimia ng'ombe nyuma.

MamaMtamba_Rungwe

Shikamoo mzee wangu, nimeelewa kabisa na jirani nimeshamwambia, alikuwa anafanya hivyo kweli kwenye choo chake.

Nimeamua hivi mniambie kama nakosea. Huyu mdogo abaki na chupa mpaka afike wiki tatu au nne, chupa mbili za kupokezana asubuhi na jioni. Wakubwa ndoo za kawaida mbili kila mmoja na rangi yake, zenye kishikio cha mbao kama alivyosema Mzee wa Ndoo, ile iliyokwaruzwa inaenda kubeba samadi. Ndoo za chuchu nitanunua ndama wajao nikipata hela ya kununua sita kwa mpigo. Kichanja fundi anakuja Jumamosi, kitakaa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Mpira wa dang'a tunachangishana wafugaji wanne wa mtaa huu na bwana mifugo wa kata kakubali kuja kutuonyesha.

Bado mawili. Maji ya kunywa niwape kwenye ndoo hizo hizo? Na chuchu za akiba ninunue ngapi?

Mfugaji_Makambako

Umepanga vizuri dada, Mzee wa Ndoo leo kashinda na mimi sina kinyongo, kwa hali yako ndoo ya wazi itaoshwa na hilo ndo kubwa.

Maji yawe na chombo chake peke yake, yakae muda wote, kuanzia siku za mwanzo mwanzo hata kama anakunywa maziwa. Watu wanasema maziwa si ni maji, hapana, maziwa yanapita kwenye ule mfereji, maji ya ndoo ndo yanayoingia tumbo kubwa na bila maji humo chakula kikavu hakichachuki tumbo halikui. Usimchanganyie maji kwenye maziwa kwa kisingizio hicho. Na chombo cha chakula kiweke mbali na cha maji, ndama akila anatumbukiza mdomo kwenye maji yanakuwa uji, akinywa analowesha chakula kinaota ukungu. Hata ubao tu katikati unatosha. Chakula weka kiganja kimoja, kilichobaki asubuhi mpe ng'ombe mkubwa, weka kingine.

Wanjiku_Kinangop

Chuchu kwa ndama mmoja nunua tatu. Mbili zinatumika, moja imekaa kavu kwa mfuko, giza, mbali na panya. Ukipata za silikoni chukua, zinachukua muda kuharibika na maziwa, lakini angalia kama zinashika vizuri kwa mdomo wa chupa yako kabla ulipe, beba chupa yako uende nayo dukani. Na ukiona mwenye duka ameinua kisu, ondoka.

Mzee wa Ndoo

Mama kile kishikio cha ndoo mwambie fundi akiweke nje ya kizimba, ndama atoe kichwa kwenye tundu la ubao anywe. Ikiwa ndani atainyea na kuipindua. Tundu liwe la kutosha kichwa kuingia na kutoka kwa urahisi, upana sentimita 15 hadi 18 hivi kwa ndama wa umri huo, na kingo zipigwe msasa. Fundi akija Jumamosi awapime kwanza hao wakubwa wawili ndo akate.